Shimo la Mungu Linatafuta Wateja

Anayeota Serengeti hahitaji kubembelezwa. Simba ameshawaona kwenye runinga tangu utotoni. Newala, mkoani Mtwara, haina bahati hiyo. Shimo la Mungu, pale nyanda za juu za Makonde zinapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kutandaa kuelekea Msumbiji, linajulikana zaidi na wenyeji, watumishi waliohamishiwa huko na wanunuzi wa korosho. Biashara ya uhalisia pepe (virtual reality), ya kumwonyesha mtu mahali kabla hajafika, ingekuwa na kazi zaidi hapa kuliko mbugani.

Lakini je, msafiri atakubali kuvaa miwani ya uhalisia pepe? Mwaka 1989 Mmarekani Fred Davis alieleza kuwa watu huipokea teknolojia wakiiona ina faida na haisumbui. Watafiti wa utalii wakaongeza raha, na ile hali ya mtu kujihisi yupo pale pale. Kwa Newala na jirani yake Masasi, mimi naweka faida mbele. Mtu wa Dar es Salaam anapiga hesabu ya nauli, gesti na uchovu wa barabara, anataka kujua kama safari inalipa. Akigeuza shingo ndani ya miwani akaona milima ya mawe ya Masasi imemzunguka, amejibiwa.

Usumbufu ndio unaoua soko. Miwani kamili ni ghali, huwatia wengine kizunguzungu, na video nzito humaliza bando. Ningeanza na video fupi ya nyuzi 360 inayochezwa kwenye simu ya kawaida, tena ofisini kwa wakala wa safari au hotelini Mtwara.

Kusini imeshawahi kuingizwa kwenye miwani hiyo. Dinosaria wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, anasimama Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13. Mwaka 2016 Google na makumbusho ya huko walimvika nyama na ngozi kwa uhalisia pepe. Kazi nzuri, ila mtazamaji anaimaliza bila kulala hata usiku mmoja Lindi. Kabla ya hapo, 1906, Karl Weule alifika Newala na kamera ya sinema na mashine ya kurekodi sauti; ngoma za Wamakonde zikasafiri kwenda Ujerumani.

Kwa hiyo, ili mambo ya kusini yasiondoke tena hivyo hivyo, wazee wa Newala waamue mapema kipi kipigwe picha. Lipiko, mchezaji wa Kimakonde aliyevaa kinyago, akicheza uwanjani, sawa. Ya jandoni na unyagoni yabaki huko huko. Na video ikiisha, skrini ionyeshe namba ya mwongoza wageni wa Newala, bei ya gesti na saa ya basi.