Kadogo Aliyekuwa Bingwa wa Ngumi

Jumamosi moja jioni nilikuwa nimeketi katika hoteli moja ya chai hapa Chepilat, nikingojea mvua ipungue nipate kushika njia ya kwenda Sotik. Vijana walikuwa wamejaa tele, wengine wametoka kuchuma chai, na makoti yao ya mvua yameangikwa mlangoni yakitona maji. Macho yao yote yalikuwa kwenye televisheni, ambako Wamarekani wawili wenye miili mikubwa kama makabati walikuwa wakibwagana katika mchezo wa mieleka. Kila mmoja alipobwagwa chini, vikombe vilitetemeka mezani kwa kelele za watazamaji.

Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami alitazama kwa muda, mikono yake miwili juu ya fimbo, kisha akauliza, "Hawa huumizana kweli, au wanaigiza?" Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, "Mzee, wamekwisha kupatana tangu mwanzo nani atashinda. Lakini kuanguka kwao ni kuanguka kweli." Mzee akatikisa kichwa. "Basi," akasema, "hapa kwetu hakuna mtu aliyetoka katika taabu akapata jina kwa nguvu za mikono yake, pasipo kupatana na yeyote?"

Vijana wakaanza kutaja majina ya wakimbiaji. Hapana ajabu, kwani Kericho ndiko alikotoka Wilson Kiprugut Chuma, Mkenya wa kwanza kupata nishani katika Michezo ya Olimpiki. Aliipata Tokyo mwaka wa 1964 katika mbio za mita 800, na mwaka wa 1968 huko Mexico akapata ya fedha katika mbio zizo hizo. Lakini mzee aliuliza habari za mikono, si za miguu. Mimi nikamkumbuka mpigana ngumi wa Uganda, Kassim Ouma, na kwa kuwa mvua haikuonyesha dalili ya kukatika, nikawasimulia habari zake. Naziandika hapa kwa faida ya wale ambao hawakuwapo, ingawa nataka niseme mapema kwamba si zote zinazofurahisha.

Kassim Ouma alizaliwa Uganda mwaka wa 1978. Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, ambaye naye, wasomaji wazee watakumbuka, alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda alipokuwa askari wa King's African Rifles. Amin aliondolewa mwaka wa 1979. Mwaka wa 1981 Yoweri Museveni aliingia msituni na jeshi lake lililoitwa National Resistance Army, akapigana na serikali mpaka alipouteka mji wa Kampala mnamo Januari 1986. Katika vita hivyo Kassim alichukuliwa kutoka shuleni pamoja na watoto wenzake, naye alikuwa na umri wa miaka sita hivi. Hakuaga nyumbani. Wazazi wake walipompoteza hawakujua kama yu hai au amekufa.

Watoto wa namna hiyo waliitwa "kadogo." Neno hili ni letu, maana lugha ya amri katika majeshi ya Uganda imekuwa Kiswahili tangu zamani za King's African Rifles. Ni neno la upendo. Mama huweza kumwita hivyo mtoto wake wa mwisho. Lakini huko lilikuwa jina la askari ambaye bunduki yake inakaribia kumshinda urefu. Miaka kumi baadaye neno hilo hilo lilivuka mpaka na kuingia Kongo, ambako jeshi la Laurent Kabila lilipoelekea Kinshasa mwaka wa 1997 lilikuwa na kadogo wengi. Huona haya kidogo kila nilisikiapo likitumiwa hivyo.

Ouma amesimulia mwenyewe, bila kujificha, kwamba alilazimishwa kuua na kutesa watu akingali mtoto. Asiyetii alikuwa katika hatari ya kuuawa yeye. Mtu akiuliza kama mtoto wa miaka saba ana hatia kwa jambo alilofanya huku mtu mzima akimsimamia na bunduki, mimi nasema hana, na hatia ni ya huyo mtu mzima. Lakini nakiri kwamba jibu langu haliwezi kumpa Ouma usingizi. Katika mahojiano mengi amesema kwamba mambo hayo humrudia.

Wala sisi wa mpaka huu tusijidai kuwa ni mambo ya nchi za mbali. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Chepilat iliwaka moto, na Wakipsigis na Wakisii waliokuwa wakiuziana viazi na mahindi katika soko moja walisimama wakitazamana kwa pinde na mishale. Katika waliosimama hivyo walikuwamo vijana wadogo ambao ugomvi wa mashamba ulianza kabla wao hawajazaliwa. Nilipofika hapa katika hadithi yangu, hoteli ilinyamaza, na kijana mmoja akainuka akapunguza sauti ya televisheni.

Sasa nirudi kwenye ngumi. Vita vilipokwisha Ouma alibaki jeshini, na huko ndiko alikojifunza mchezo huo. Uganda ni nchi yenye sifa kubwa katika ngumi. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1979, Cornelius Boza-Edwards mwaka wa 1981, na John Mugabi mwaka wa 1989. Sisi Wakenya tunaye Philip Waruinge wa Nakuru, aliyepata nishani mwaka wa 1968 na tena mwaka wa 1972, na marehemu Robert Wangila, aliyepata dhahabu huko Seoul mwaka wa 1988. Lakini kwa ubingwa wa dunia wa kulipwa Waganda walitutangulia. Kijana aliyeingia katika timu ya ngumi jeshini alipata chakula bora, safari, na ruhusa ya kutoka kambini. Yamkini Ouma aliuingia mchezo kwa sababu hizo kuliko kwa sababu ya kupenda kupigana, kwani kupigana alikwisha kukujua zaidi ya kiasi.

Hata hivyo aliuona ulingo kuwa mahali pa ajabu. Kule vitani hapakuwa na mwamuzi. Hapa mtu akianguka, mwenzake huamriwa arudi pembeni asimguse. Kengele ikilia, mikono hushuka. Mchezo ukiisha, waliopigana hukumbatiana. Watu wengi ambao hawaupendi mchezo wa ngumi husema ni ukatili, na sitashindana nao, maana Wangila mwenyewe alifariki mwaka wa 1994 kwa majeraha ya ulingoni huko Las Vegas. Lakini kwa mtu aliyelelewa kama Ouma, mchezo huu ulikuwa na sheria nyingi kuliko maisha yote aliyopata kuyaishi.

Mwaka wa 1998 alisafiri kwenda Marekani kwa ajili ya mashindano ya ngumi, na hakurudi. Kwa sheria za jeshi alikuwa mtoro. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, hana fedha, Kiingereza chake ni haba, hana mtu wa kumpokea. Alitafuta jumba la mazoezi ya ngumi kama vile msafiri wa dini atafutavyo msikiti au kanisa katika mji mgeni, akaonyesha alichokijua, na kabla mwaka haujaisha alikwisha kuanza kupigana kwa malipo. Hatimaye alihamia Florida.

Kuondoka kwake kulilipwa na mtu mwingine. Kwa maelezo ya Ouma mwenyewe, askari walimwendea baba yake huko Uganda kwa sababu ya utoro wa mwanawe, wakampiga hata akafa. Mwana alikuwa ng'ambo na hakuweza kurudi kumzika, kwa kuwa angalirudi angalikamatwa. Basi alivaa glovu, akaendelea kupigana.

Wale wanaofikiri kwamba mtu akifika Marekani taabu zake zimekoma, na wajue kwamba mwaka wa 2002 Ouma alipigwa risasi tumboni huko Florida. Mtu aliyepita katikati ya vita vya msituni bila kufa alikaribia kufa katika nchi ya amani. Alipasuliwa, akapona, na mwaka uliofuata alikuwa ulingoni tena.

Kwa wale ambao hawakupata kumwona akipigana, nieleze kidogo. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, si mrefu, wala hakuwa na lile pigo moja zito linalomlaza mtu chali. Sifa yake ilikuwa wingi wa ngumi. Alipiga bila kupumzika, raundi baada ya raundi, kama mchumaji mzuri wa chai ambaye mikono yake huenda yenyewe huku kapu likijaa mgongoni. Adui yake alipofikiri kwamba sasa amechoka, yeye ndipo alipozidi. Na alipenda mzaha: alicheza dansi akiingia ulingoni, alicheka, alijiita "The Dream," yaani Ndoto. Wengi waliomwona akicheka hivyo hawakujua alikotoka.

Tarehe 2 Oktoba 2004, huko Las Vegas, alipambana na Verno Phillips, aliyekuwa akishikilia ubingwa wa dunia wa chama cha IBF katika uzito usiozidi ratili 154. Walipigana raundi zote kumi na mbili, na Ouma akatangazwa mshindi kwa pointi. Yule kadogo alifungwa mkanda wa bingwa wa dunia kiunoni akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Mnamo Januari 2005 aliutetea ubingwa wake huko Atlantic City dhidi ya Kofi Jantuah, mzaliwa wa Ghana, akashinda. Waafrika wawili wakigombea taji la dunia katika mji wa Marekani.

Hakudumu nalo sana. Julai mwaka uo huo Mrusi Roman Karmazin alimnyang'anya. Desemba 2006 alijaribu jambo kubwa zaidi, akapanda uzito na kumkabili Jermain Taylor, bingwa wa uzito wa kati, nyumbani kwake Taylor katika jimbo la Arkansas. Taylor alikuwa mrefu na mzito kuliko yeye. Ouma alishindwa kwa pointi, lakini alisimama mpaka kengele ya mwisho. Baadaye kushindwa kukawa kwingi, na mwaka wa 2011 huko Panama alisimamishwa katika raundi ya kumi na Gennady Golovkin, mtu ambaye wakati huo aliwaangusha karibu wote waliomkabili. Nadhani ingalifaa aache mapema zaidi. Lakini ni rahisi kwa mtu anayekunywa chai hotelini kusema hivyo.

Habari zake zilitengenezewa filamu, iliyoongozwa na Kief Davidson na kutolewa mwaka wa 2008. Ndani yake anaonekana akitafuta msamaha wa serikali ya Uganda apate kurudi bila kukamatwa. Serikali ile ilikuwa ya Museveni yule yule ambaye jeshi lake lilimchukua shuleni. Kibali kilitoka, akarudi. Alipokewa na askari kwa heshima, akavikwa tena nguo za jeshi, na watu wakamshangilia kama bingwa wao. Kisha akapelekwa kwenye kaburi la baba yake, na pale kicheko chote kilimtoka. Alianguka juu ya udongo akalia kwa sauti, akimwomba baba msamaha.

Nilipofika hapo mvua ilikuwa imekatika, na wengine walianza kuchukua makoti yao. Yule mzee hakuinuka. Alinitazama akauliza, "Baba yake alikufa kabla kijana hajapata huo ubingwa?"

"Naam, Mzee. Kabla."

Akanyamaza kidogo. Kisha akalipa chai yake, na ya kijana aliyepunguza sauti ya televisheni, akashika fimbo akatoka.