Mikono Ifanyapo Kazi ya Miguu

Mwezi wa tano, mwaka 1991, ndege ndogo ilianguka katika milima ya Ufaransa. Watu wanne walikuwamo. Watatu wakafa; akapona mmoja tu, msichana wa miaka 16, jina lake Dorine Bourneton. Alipona, lakini miguu yake ilikuwa imepooza. Tangu siku ile huenda kwa kiti cha magurudumu.

Labda utafikiri, ee msomaji, ya kuwa msichana yule alizichukia ndege. Sivyo! Alitaka kurudi angani, wala si kama abiria, bali kama rubani.

Lakini je, ndege yaweza kuongozwa bila miguu? Kwanza tujue kazi ya rubani. Kwa mkono mmoja hushika fimbo ya kuongozea: akiivuta, ndege inainua pua, akiilaza kando, bawa moja linashuka na la pili linapanda. Kwa mkono wa pili huongeza au kupunguza nguvu ya mashine. Miguu nayo hukanyaga pedali mbili, zinazogeuza usukani ulio mkiani. Juu ya pedali hizo, katika ndege nyingi, zimo pia breki za magurudumu. Basi, miguu ikilala, ni nani atakayegeuza mkia? Na upepo ukipiga kwa ubavu wakati wa kutua, ni nani atakayeinyosha ndege?

Mafundi walijibu hivi: walifunga fimbo ya chuma kwenye pedali, wakaipandisha hadi kando ya kiti. Rubani akiisukuma mbele, pua inageukia upande mmoja. Akiivuta nyuma, inageukia upande wa pili. Katika ndege nyingine breki imewekwa juu ya fimbo hiyohiyo, kama ile ya baiskeli. Miguu ya rubani hufungwa kwa mkanda, isije ikateleza na kuzuia pedali. Hata kiti cha magurudumu kina hesabu yake: hukunjwa, hupimwa uzito, hufungwa nyuma, kwa maana mzigo uliowekwa vibaya huharibu usawa wa ndege.

Jambo hili si geni kwetu. Ni nani asiyemwona ndugu aliyepooza akienda sokoni kwa baiskeli ya magurudumu matatu, akizungusha pedali kwa mikono? Akili ni ileile.

Tena kuna ndege isiyohitaji pedali. Fundi Mmarekani, Fred Weick, aliibuni ile iitwayo Ercoupe, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1937. Usukani mmoja huongoza mabawa na mkia pamoja. Mwaka 2008 Jessica Cox, mwanamke Mmarekani aliyezaliwa bila mikono, alipata ruhusa ya urubani kwa ndege ya namna hiyo. Yeye hufanya kwa miguu kazi ya mikono!

Turudi kwa Dorine. Ndege ilikuwa tayari, naye alikwisha kuwa rubani. Lakini sheria ya Ufaransa haikumruhusu mtu aliyepooza kuifanya kazi ya urubani kwa mshahara. Chuma kilikubali kukunjwa upesi kuliko sheria. Yeye na wenzake walidai bila kuchoka, hata mwaka 2003 sheria ikabadilishwa. Na mwaka 2015, huko Le Bourget karibu na Paris, watu walitazama juu wakamwona akiipindua ndege yake angani kama mbayuwayu.

Ninyi wazazi, labda nyumbani mwenu yumo mtoto asiyeweza kutembea. Msimfiche nyuma ya nyumba, wala msiseme, « Huyu ataweza nini? » Mpelekeni shuleni. Kisha tafuteni pamoja naye ile fimbo ndogo itakayounganisha mkono wake na kazi ambayo wengine huifanya kwa miguu.