Kwa Nini Tone Hung'ang'ania Kioo

Mvua ya alfajiri ikishakatika mjini Malaba, vioo vya mbele vya matrela yaliyo foleni kungoja zamu ya kuvuka kuingia Uganda hubaki vimejaa matone. Kioo cha lori husimama karibu wima, wala hapana kitu cha kuonekana kinachoyazuia maji hayo yasiteremke. Matone machache makubwa huporomoka. Madogo hubaki palepale mpaka dereva awashe waipa au jua liyakaushe. Kando ya barabara, penye majimaji, mvua ileile imenyeshea majani ya nduma, na huko tone hubiringika kama ushanga mara jani liinamapo. Makala haya yanadhamiria kueleza tofauti hiyo.

Tone likitazamwa kwa ubavuni, ukingo wake hufanya pembe na uso lililoukalia. Hiyo ndiyo pembe ya mgusano. Mwaka 1805 Mwingereza Thomas Young alieleza kwamba pembe hiyo huamuliwa na mivutano mitatu: baina ya maji na hewa, maji na kitu kigumu, na kitu kigumu na hewa. Kwa maelezo hayo, maji na kioo vingekuwa na pembe moja tu. Young hakukosea, ila alizungumzia uso laini, safi na ulio sawa kila mahali. Kioo kilichosafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa kina vumbi, moshi wa dizeli, mabaki ya wadudu na mikwaruzo ya waipa.

Liongeze tone maji polepole kwa bomba la sindano. Tone hufura, lakini ukingo wake hausogei. Pembe ndiyo inayokua, hadi ifike kikomo, ndipo ukingo uruke mbele. Sasa yavute maji yatoke. Tone hunywea, ukingo ukang'ang'ania, pembe ikapungua hadi kikomo cha pili, ndipo ukingo urudi nyuma. Tofauti baina ya vikomo hivyo viwili huitwa histeresi. Neno hili lilibuniwa na Mskoti James Alfred Ewing katika miaka ya 1880 alipochunguza usumaku, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchelewa. Wapo watakaopendelea tuseme "ukawio". Binafsi nasita, kwa kuwa ukingo wa tone haukawii tu. Waweza kukwama kutwa nzima.

Unakwama kwa nini? Doa la mafuta huyakataa maji, hivyo ukingo unaosonga mbele husimama hapo mpaka pembe iwe kubwa vya kutosha kulivuka. Mahali safi huyapenda maji, hivyo ukingo unaorudi nyuma hukataa kupaacha. Midomo ya mikwaruzo nayo huunasa ukingo vivyo hivyo.

Kwenye kioo kilichosimama, uzito huyavuta maji chini. Upande wa chini wa tone hufura na pembe yake hukua. Upande wa juu hunyooka na pembe yake hupungua. Tofauti hiyo huzaa nguvu ya kulishikilia tone. Tuchukue tone lenye upana wa milimita 4 na uzani wa takriban miligramu 5, vikomo vya pembe vikiwa nyuzi 60 na 20: nguvu ya kulishika huzidi maradufu ile inayolivuta chini. Upana ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kushika nayo huongezeka mara mbili tu, ilhali uzito huongezeka mara nane. Ndiyo maana tone kubwa huporomoka, likiyazoa madogo njiani.

Jani la nduma lina nta na vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Maji hukalia ncha za vinundu, hewa ikibaki chini yake. Pembe zote mbili huwa kubwa na kukaribiana, basi ukingo hauna pa kushika.

Sifa hiyo ni hasara kwa mkulima wa Busia anyunyiziaye dawa kabeji, ambayo majani yake pia yana nta: matone hubiringika yakaishia udongoni pamoja na fedha yake. Sabuni kidogo ndani ya dawa hupunguza mvutano wa uso wa maji, matone yakatandaa na kushika. Huko Malaba nako, utingo afutaye kioo kwa kitambaa chenye mafuta huongeza madoa yale yale yanayoyanasa matone, na usiku kila tone huutawanya mwanga wa malori yajayo machoni mwa dereva.