Mwanamaji, Baharia na Kuruta: Maelezo ya Istilahi za Utumishi wa Majini

Madhumuni ya makala haya ni kueleza matumizi ya baadhi ya istilahi zinazohusu utumishi wa wanamaji, uandikishaji wa askari na mgawanyo wa kazi jeshini. Maswali tunayoyajibu tuliyapata Maisaka, katika mji wa Babati, tulipokutana na walimu, makarani wa ofisi za serikali na baadhi ya wazazi. Huenda msomaji akashangaa kwamba maswali ya bahari yametoka katika mji ulio chini ya Mlima Kwaraa, ambako maji makubwa yanayofahamika ni ya Ziwa Babati, na chombo kinachofahamika ni mtumbwi wa mvuvi. Lakini hapo ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Mtoto wa Kigamboni akilisikia neno manowari anaweza kuinua macho akakitazama chombo chenyewe. Mtoto wa Maisaka hana cha kutazama ila neno, na neno hilo likiwa na kasoro hana pa kulisahihishia.

Mzee mmoja alitueleza kwamba mjukuu wake alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mkataba wa kujitolea, akarudi nyumbani baada ya miaka miwili. Nyumbani ilikuwa imeeleweka kwamba kijana "ameandikwa jeshini", na baba yake alikwisha kukopa fedha kwa kuutegemea mshahara. Mzee akatuuliza, "Wanangu, nyinyi ni watu wa lugha. Hilo neno kujitolea maana yake ni nini?" Swali hilo tutalijibu mahali pake. Tumelitaja mwanzoni ili ieleweke kwamba istilahi si pambo la kamusi. Kuna watu wanaozifuata wakafika, na wengine wanaozifuata wakapotea.

1. Mwanamaji na baharia

Swali la kwanza liliulizwa na mwalimu wa sekondari: je, mwanamaji na baharia si mtu mmoja? Jibu ni kwamba si mmoja. Baharia ni mtu yeyote ambaye kazi yake ni kuendesha chombo cha baharini au kuhudumu ndani yake, awe katika jahazi, meli ya mizigo au meli ya abiria. Neno hili ni la zamani, na asili yake ni Kiarabu. Mwanamaji ni neno lililoundwa kwa mfano wa mwanajeshi na mwanachama, nalo limekusudiwa kumtaja mtumishi wa chombo cha ulinzi ambaye kazi zake ni za majini. Kwa hiyo kijana anayesoma katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam ili aje kuajiriwa katika meli za biashara anasomea ubaharia; hajawa mwanamaji, wala cheti chake hakimfanyi askari.

Ni lazima pia kutenga vyombo vya ulinzi vyenyewe. Kamandi ya Wanamaji ni sehemu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Polisi Wanamaji ni kikosi cha Jeshi la Polisi. Huko Zanzibar kuna Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, yaani KMKM, ambacho hufanya kazi baharini lakini ni kikosi cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mtafsiri anayeandika "wanamaji wamekamata magendo" bila kutaja ni wa chombo gani humwacha msomaji gizani. Tunashauri neno wanamaji, likisimama peke yake, litumike kwa wale wa jeshi la ulinzi tu. Wengine watajwe kwa majina kamili ya vikosi vyao.

Mwalimu mwingine aliuliza kama mwanamaji ni lazima awe wa bahari. Hapana. Neno limejengwa juu ya maji, si juu ya bahari, na historia ya nchi yetu inathibitisha kwamba uamuzi huo ulikuwa wa busara. Mwaka 1915 na 1916 Waingereza na Wajerumani walipigana kwa manowari katika Ziwa Tanganyika, mbali kabisa na bahari. Meli ya Kijerumani iliyoitwa Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe. Baadaye iliopolewa, ikapewa jina la Liemba. Waliopigana katika ziwa lile walikuwa wanamaji kwa maana kamili ya neno.

2. Jeshi au kamandi?

Katika matangazo na vitabu vya shule tumekuta "Jeshi la Maji", "Jeshi la Majini", "Jeshi la Wanamaji" na "Kamandi ya Wanamaji". Je, yote ni sawa? Hapa hapana budi kutazama muundo kabla ya kutazama neno. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa mwaka 1964, baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles ya Januari mwaka huo. Utumishi wa majini ulianzishwa ndani ya jeshi hilo hilo mnamo mwaka 1971, kwa msaada wa China, na makao yake yakawa Kigamboni. Kwa hiyo Tanzania ina jeshi moja la ulinzi lenye kamandi mbalimbali, za nchi kavu, za anga na za wanamaji. Kenya muundo ni mwingine: Katiba ya mwaka 2010 inataja majeshi matatu ndani ya Majeshi ya Ulinzi, na la wanamaji ni mojawapo. Mfasiri wa habari za Kenya akiandika "Jeshi la Wanamaji" yuko sahihi. Akiandika habari za Tanzania, "Kamandi ya Wanamaji" ndilo jina linaloonyesha hali ilivyo.

Tofauti hii humgusa moja kwa moja kijana anayetaka kuandikishwa. Aliyeambiwa kwamba kuna "Jeshi la Maji" hutafuta mlango wake na haupati, kwa sababu mlango ni wa Jeshi la Wananchi, na kugawa askari katika kamandi ni kazi ya Jeshi lenyewe. Akitokea mjanja anayedai kuwa anauza nafasi za "Jeshi la Maji", kijana huyo hana silaha ya kumkanushia. Nafasi za jeshi haziuzwi, na anayelijua jina sahihi la mahali anapokwenda hadanganyiki upesi.

3. Kujitolea, kuandikishwa na kuajiriwa

Sasa tulirudie swali la mzee wetu. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Vijana huingia humo kwa njia mbili. Njia ya kwanza huitwa mujibu wa sheria, nayo huwahusu wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa kwa amri ya sheria. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Njia ya pili huitwa kujitolea, nayo ni ya kijana anayeomba mwenyewe. Hapa neno kujitolea halina maana ile ya kufanya kazi bila malipo kama katika ujenzi wa zahanati ya kijiji, wala halina maana ya kuanza ajira. Kinyume chake ni kuitwa kwa sheria, basi. Anayejitolea ametaka mwenyewe, na mkataba wake una mwisho.

Matangazo ya Jeshi la Kujenga Taifa yamekuwa yakieleza waziwazi kwamba mafunzo hayo si ahadi ya ajira. Hivyo katika habari ya mzee kosa halikuwa katika tangazo, bali katika kinywa cha waliolisimulia. Walitumia neno moja, "kuandikwa", kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali. Tunapendekeza yatengwe hivi:

(a) Kujiunga na mafunzo: kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, kwa sheria au kwa kujitolea. Mhusika bado si askari wa Jeshi la Wananchi.

(b) Kuandikishwa jeshini: kukubaliwa katika Jeshi la Wananchi baada ya kutimiza masharti ya tangazo. Mhusika huitwa kuruta hadi amalize mafunzo ya awali na kula kiapo. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka mwombaji awe raia wa Tanzania, awe na vyeti vyake na awe amepitia mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Masharti ya umri na elimu hutajwa katika kila tangazo na huweza kubadilika. Kwa hiyo mwalimu asiyaeleze kwa kumbukumbu, ayasome.

(c) Kutunukiwa kamisheni: kufanywa afisa. Anayesomea uafisa huitwa afisa mwanafunzi, si kuruta. Chuo kinachojulikana zaidi kwa kazi hii kiko Monduli, mkoani Arusha.

Kadhalika, kuandikisha kusichanganywe na kusajili. Husajiliwa chama, gari au mwanafunzi, askari huandikishwa. Na panapohusika nchi ambazo raia wote hulazimishwa kutumikia jeshi, isemwe "utumishi wa lazima", ili isidhaniwe kwamba kila anayeandikishwa alitaka.

4. Cheo, wadhifa na fani

Karani mmoja alituonyesha fomu yenye nafasi ya "kazi ya baba", ambapo mwanafunzi alikuwa ameandika "Koplo". Je, koplo ni kazi? La. Koplo ni cheo, yaani daraja la mtu katika ngazi ya mamlaka. Wadhifa ni jukumu alilokabidhiwa kwa wakati fulani, na fani ni ujuzi alioufundishwa. Mtu mmoja huweza kuwa na vyote vitatu: kwa cheo ni meja, kwa wadhifa ni mkuu wa karakana, na kwa fani ni mhandisi. Akihamishwa, wadhifa hubaki nyuma. Cheo na fani huondoka naye. Mfano ulio wazi kwa kila mwananchi ni Jenerali, ambacho ni cheo, na Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, ambao ni wadhifa. Rais naye ni Amiri Jeshi Mkuu kwa wadhifa, bila kuwa na haja ya cheo chochote cha kijeshi.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kazi ya mwanamaji ni kupiga mizinga tu. Manowari ni kama mji mdogo unaoelea. Ndani yake kuna mshika usukani, fundi mitambo, fundi umeme, mtu wa mawasiliano, mpiga mizinga, mzamiaji, tabibu, mpishi na mtunza bohari. Majina haya yote yapo katika Kiswahili tangu zamani na hayahitaji kubuniwa upya. Wala mtafsiri asisahau hazina ya jahazi: omo kwa sehemu ya mbele ya chombo, tezi kwa sehemu ya nyuma, na mkuku, nanga na dira. Waliojenga majahazi na kuyasafirisha walikwisha kutufanyia kazi hiyo.

5. Kapteni si nahodha

Kosa lililo kubwa katika tafsiri za habari za nje ni la kapteni. Katika majeshi ya maji ya Uingereza na Marekani, afisa mwenye cheo kinachotamkwa hivyo ni sawa na kanali wa nchi kavu, na luteni wao ni sawa na kapteni wa nchi kavu. Mfasiri akiandika "kapteni" pasipo maelezo, amemshusha mtu ngazi tatu. Akiandika "nahodha", amekosea kwa njia nyingine, kwani unahodha ni wadhifa wa kukiongoza chombo. Hata luteni aweza kuwa nahodha wa chombo kidogo. Tunapendekeza "Kapteni wa Wanamaji" na "Luteni wa Wanamaji", na mara ya kwanza katika habari kilinganishwe na cheo cha nchi kavu. Tatizo hili halikujitokeza sana kwetu kwa sababu katika Afrika Mashariki wakuu wa wanamaji kwa miaka mingi wameitwa kwa vyeo vya nchi kavu, kama vile Meja Jenerali.

Kuhusu cheo cha juu kabisa, tumeona admirali na admeri. Inafaa msomaji ajue kwamba neno hilo la Ulaya lilichukuliwa kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa amiri. Neno lililotoka pwani moja likaingia Ulaya limerudi kwetu likiwa na vazi jingine. Hata hivyo lisitafsiriwe kuwa "amiri", maana kwetu amiri limekwisha kupewa kazi yake.

6. Hitimisho

Lugha ya jeshi imekuwa ikipokea na kutupa. Vyeo vya ombasha na shaushi, vilivyotumika katika jeshi la Wajerumani, vimetoweka. Afande, lenye asili ya Kituruki, limebaki. Manowari limetoka Kiingereza, na leo halina ugeni. Rubani alikuwa mwongoza meli kabla ya kupanda ndege. Nyambizi linamkumbusha msikilizaji kupiga mbizi, na kwa hiyo hulielewa kabla hajaelezwa. Maneno haya yamedumu kwa sababu kila moja limeshika kitu kimoja na kukikamata sawasawa.

Yule mzee wa Maisaka tulimweleza tofauti ya kujiunga, kuandikishwa na kuajiriwa. Akafikiri kidogo, akasema kwamba laiti angalielezwa hivyo mapema, mjukuu wake angalikwenda vilevile, kwa kuwa alijifunza mengi. Ila deni lisingalikuwapo. Tunawaomba walimu, watafsiri na watumishi wa serikali, hasa wa mikoa iliyo mbali na pwani, watuletee maneno wanayoyasikia kwa wananchi kuhusu utumishi huu, pamoja na maana wananchi wanazozipa, hata kama maana hizo si sahihi, kwani ndizo zinazotuonyesha mahali palipo na kazi ya kufanya.