Neno Lililoshukia Msamvu

Haya wajukuu, sogeeni. Leo sungura apumzike, ameshawadanganya fisi vya kutosha. Leo nawasimulia habari za neno la Kiingereza, "stand", ambalo mtoto wa Morogoro hulijua kabla hajaanza darasa la kwanza, ila hulitamka kwa namna ya kwao: stendi.

Hapa mjini ukisema unakwenda stendi kupanda basi la mkoani, watu wanaelewa ni Msamvu, pale barabara ya kutoka Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikishika njia ya Dodoma, nyingine Mikumi hadi Iringa. Wapiga debe wanaita abiria, makonda wanagonga mabati ya magari, wauza karanga wananyoosha mikono mpaka madirishani. Neno letu lilishukia hapo likiwa na begi moja tu. Mizigo mingine yote liliiacha kwao, na ilikuwa mingi.

Kwa Mwingereza, "stand" kwanza ni kusimama kwa miguu miwili. Halafu ni kibanda cha muuza magazeti. Ni jukwaa la watazamaji wa mpira: akija Uwanja wa Jamhuri ataliita hivyo jukwaa ambalo watu wote wameketi wanakula karanga. Ni kizimba cha shahidi mahakamani. Ni msimamo wa mtu asiyeyumba. Ni kile chuma kinachoizuia pikipiki isilale chini, na hicho hata mafundi wetu wanakiita stendi, kwa hiyo labda niseme begi moja na kifurushi. Nendeni pia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, chini ya milima ya Uluguru, mkawaulize wanaosomea misitu. Watawaambia kwamba kwao "stand" ni eneo la msitu ambalo miti yake inafanana umri au aina kiasi cha kutunzwa kama kitu kimoja: kupimwa pamoja, kupunguzwa pamoja, kuvunwa pamoja.

Bado. Mwingereza akilipa neno hilo jirani mdogo, linageuka. "Stand by" ni kukaa tayari, na hilo tumelichukua zima zima: dereva wa akiba anaambiwa akae stendibai. "Stand for" ni kugombea, kama vile ubunge, au kuwa kifupi cha jina refu. Hapa nina ugomvi na watangazaji wanaosema eti SUA "inasimama kwa" Sokoine University of Agriculture. SUA haisimami kwa mtu. SUA ni kifupi cha jina hilo, basi. Halafu kuna "I can't stand it", ambayo inawatesa wanafunzi wa kidato cha kwanza, wale waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na ghafla masomo yanageuka Kiingereza. Mtoto anasoma kwamba fulani "can't stand" maharage, anajiuliza maharage yameingiaje kwenye miguu ya mtu. Maana yake ni kwamba hayavumilii, hataki hata kuyaona.

Msiwacheke Waingereza. Kamusi kubwa ya Oxford imehesabu maana 645 za kitenzi "run" peke yake, na sisi tunadhani ni kukimbia tu. Lakini tazameni neno letu wenyewe, simama. Mwingereza huweka vineno pembeni ya neno, sisi hushona ndani ya neno lenyewe. Mwalimu anasimamia mtihani. Trafiki anasimamisha gari. Mfanyakazi mwizi anasimamishwa kazi, kisha anakwenda kuketi nyumbani kwake. Kuna msimamizi wa mirathi, kuna usimamizi wa mradi, na kila Jumatatu mnagombania simu ya baba mtazame msimamo wa ligi, Simba yuko wapi na Yanga yuko wapi. Mtoto mchanga naye anasimama dede.

Tena simama yetu ina maana ambayo "stand" ya kila siku haina: kuacha kwenda. Saa imesimama, basi limesimama, mapigo ya moyo yamesimama. Ndiyo maana mtoto wetu akiandika kwa Kiingereza kwamba basi "stood" ghafla akaruka, mwalimu anachukua kalamu nyekundu.

Sasa kwa nini "stand" ilipokuja kwetu ikapata hasa kazi ya mabasi? Mimi naona ilikuta vyumba vingine vina wenyewe. Jukwaa lilikuwapo, kizimba kilikuwapo, kibanda kilikuwapo, msimamo ulikuwapo. Hata mahali pa kusubiri gari palikuwa na jina, kituo, kutokana na kutua, kama wanavyotua mizigo ya ndizi wanaoshuka nayo kutoka milimani. Ila kituo kilishaelemewa: kituo cha polisi, cha afya, cha mafuta, cha redio, cha kupigia kura. Kikabaki na daladala zinazoshusha mmoja na kupakia wawili, na uwanja mkubwa ambako mabasi yanalala na kuamka ukachukuliwa na stendi. Wenzetu wa Kenya walitwaa neno jingine la Kiingereza, wanasema steji. Uganda wanakwenda "taxi park". Mwingereza ni yule yule, kila mmoja kamkopa anachotaka.

Na mkopo huu hatuurudishi kama ulivyokuja. Kibao cha barabarani kilichoandikwa "keep left" kilizaa kipilefti, jina la mzunguko wa magari, na kwa kuwa kinaanza na ki, viwili ni vipilefti. Stendi haikubahatika kupata wingi wa namna hiyo, lakini imeanza kuota maana zake yenyewe. Mama akikwambia, "Usiniletee mambo ya stendi humu ndani," hazungumzii mabasi. Anazungumzia kelele, kusukumana na kujibizana na wakubwa. Mpelekee Mwingereza sentensi hiyo, afungue kamusi yake kutwa nzima.