Baba Ndani ya Arubaini

Miongoni mwa mambo ambayo bwana harusi wa pwani hudaiwa kabla ya kukabidhiwa mke, mbali na mahari yenyewe, yamo mawili ambayo aghalabu huyalipa bila ya kuuliza maana yake, nayo ni mkaja na mbeleko. Mkaja ni ukanda wa nguo ambao mwanamke aliyejifungua hufungwa tumboni na kiunoni. Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Na vyote viwili, pamoja na kilemba cha baba mkwe, hugeuzwa fedha zikapelekwa kwa wazee wa bibi harusi, kuwa ni shukurani kwa mama ambaye tumbo lake lilifungwa na mgongo wake ukachoka kwa ajili ya huyu binti anayeolewa leo. Kijana hutoa fedha, wazee hupokea, fatiha husomwa, na maneno huishia hapo. Mwaka haujatimia, katika chumba cha ghorofa ya tatu hapa Tudor, kijana yule yule husimama mlangoni akauona mkaja kwa macho yake, si jina la fedha tena, bali kitambaa kirefu kilichozungushwa mara kadhaa kiunoni mwa mkewe, na mwanamke mtu mzima akiivuta ncha yake hata mishipa ya mikono ikamtoka. Na hapo ndipo anapotambua alilipia nini.

Kazi yangu ya miaka mingi ni utabibu wa watoto wachanga, na nimewaona akina baba wengi wakisimama mlangoni namna hiyo, mikono nyuma, wasijue kama waingie au warudi. Makala haya nimewaandikia wao, maana vitabu vya ulezi vilivyopo vimemsemesha mama, na baba vimemwacha ukumbini.

Ada yetu katika jambo hili ni nzito na yenye hekima. Mwanamke katika uzazi wake wa kwanza, akiweza, hurudi kwao. Mamaake na shangazi zake humpokea, humkanda kwa maji ya moto, humfukiza udi, humnywesha uji wa pilipili manga na supu ya kuku, wala hawamwachi anyanyue ndoo wala ashike ufagio mpaka arubaini itimie. Baba naye hutumwa. Huambiwa aende Marikiti akalete uwatu, habasoda na pilipili manga, apitie Biashara Street akanunue leso doti mbili, na alete mbuzi wa akika siku ya saba, wawili kwa mwana wa kiume na mmoja kwa wa kike. Nakumbuka nilipokuja na leso zangu za kwanza, mpya, zinazong'aa, nikampa mama mkwe kwa fahari, akaishika moja baina ya vidole viwili, akaisugua pindo, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, leso hii ina dondo, itamchuna mtoto, kaifue mara mbili, uianike juani, ndipo uilete." Nikarudi nayo nyumbani nikaifua mwenyewe, na maji yakatoka meupe kama ya mchele uliooshwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza ya ubaba, na ninasema kwa dhati kwamba ilinifaa kuliko mbuzi wawili, kwa sababu ilinifundisha kuwa ngozi ya kichanga ni kitu cha kufikiriwa.

Siku hizo arubaini hazikuzuka burebure. Fikihi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wa pwani, huhesabu kuwa nifasi, yaani damu ya baada ya kuzaa, kwa kawaida hudumu siku 40, na ukomo wake ni siku 60. Na matabibu wa leo, kwa njia yao nyingine kabisa, huhesabu muda wa kurejea kwa mwili wa mzazi kuwa ni wiki 6, yaani siku 42. Wazee wetu na sayansi wamepishana kwa siku mbili tu! Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linataka mzazi na mwanawe wakae kituoni walau saa 24 baada ya kujifungua, kisha waonwe mara tatu zaidi: baina ya saa 48 na 72, baina ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Katika nyumba iliyojaa wanawake wenye shughuli, ni nani afaaye kuzihesabu siku hizo na kuita tuktuk asubuhi yake, kama si baba? Na ni nani afaaye kuzijua ishara za hatari kwa moyo, ili saa nane ya usiku asianze kushauriana na jirani? Kwa mzazi, ni damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, maumivu makali ya kichwa yanayofuatana na kiwi cha macho, kifafa, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kwa mtoto, ni kukataa kunyonya, kupumua zaidi ya mara 60 kwa dakika ilhali ametulia, joto la mwili lifikalo 37.5 au kuzidi, na manjano yanayotokea kabla ya saa 24 kupita au yanayofika viganjani na nyayoni. Manjano mepesi ya siku ya tatu ni ya kawaida na huondoka yenyewe. Hayo ya siku ya kwanza hayangojwi hata kidogo, wala kumwanika mtoto juani si tiba yake.

Basi ada imemtunza mama, na imemtunza mtoto. Upungufu ninaouona ni kwamba imemwacha baba nje ya mlango kwa siku 40, kisha siku ya 41 imemkabidhi mke na mwana asiowazoea. Wengi huniambia kuwa ndivyo mwanamume alivyoumbwa, kwamba moyo wa ulezi kwa mama ni maumbile na kwa baba ni mafunzo. Mintarafu ya dai hilo, uchunguzi mmoja umefanywa hapa hapa Afrika Mashariki ambao ningependa kila baba aujue. Mwaka 2009, Martin Muller na wenzake walieleza walichokiona Tanzania baina ya kaumu mbili zinazoishi jirani pande za Ziwa Eyasi: Wahadzabe, ambao ni wawindaji na wachimba mizizi, na ambao baba zao huwabeba watoto, huwachezea, na hulala nao, na Wadatoga, ambao ni wafugaji, na ambao kwao mtoto mchanga ni shughuli ya wanawake. Walipima mate ya wanaume wa kaumu zote mbili ili kujua kiasi cha testosteroni, ile homoni ambayo watu huitaja kuwa ndiyo ya urijali. Kwa Wahadzabe, wenye watoto walikuwa na kiasi kidogo kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, baba na asiye baba hawakutofautiana. Maumbile ni mamoja, nchi ni moja, kilichotofautiana ni mikono iliyobeba na mikono isiyobeba. Miaka miwili baadaye Lee Gettler na wenzake walichapisha habari za wanaume 624 wa Cebu, Ufilipino, waliofuatiliwa kwa takriban miaka minne na nusu, wakaonyesha kwamba homoni hiyo hushuka sana mtu anapopata mtoto, na kwamba wale waliomlea kwa mikono yao saa tatu au zaidi kwa siku walikuwa na kiasi cha chini kuliko wasiomgusa. Asidhani mtu kuwa huku ni kupungukiwa uanaume, kwani wanaume wale wale waliokuwa na kiasi kikubwa hapo awali ndio waliotangulia kuoa na kuzaa. Ni mwili wa mwanamume unaojitengeneza upya kwa ajili ya kazi mpya, iwapo mwenyewe atauingiza kazini.

Nami husisitiza kuuingiza kazini ndani ya arubaini, si baada yake, kwa sababu ya hesabu ambayo huwashangaza wengi. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, kwa kuwa tumbo lake ni dogo mno. Katika siku za mwanzo hupungua uzani, hata kufikia sehemu moja ya kumi, kisha huurudisha katika wiki mbili hivi, na katika muda huo hulala sana, hata baba akajiona amebahatika kupata mtoto mtulivu. Kuanzia wiki ya pili kilio huongezeka, hupanda siku baada ya siku, na hufikia kilele chake karibu na wiki ya sita, ndipo kinaposhuka polepole hadi mwezi wa tatu au wa nne. Sasa tazama yanayokutana hapo. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 29, imempa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba wiki 2. Kwa hiyo likizo ya baba humalizika wakati kilio ndipo kinapoanza, na kibarua wa Kilindini au dereva wa tuktuk hata hizo wiki mbili hana. Arubaini nayo humalizika wakati kilio kimefika kileleni; shangazi hufunga vitu vyake, bibi hurudi kwake Kibokoni, na wazazi wawili hubaki na mtoto anayelia kuanzia magharibi hadi saa sita za usiku katika joto la kaskazi lisilopitisha hata upepo. Huo ndio wakati ambao baba asiyemzoea mwanawe hukasirika, hudhani kuwa mtoto hampendi, au, Mungu apishe mbali, humtikisa ili anyamaze. Kumtikisa kichanga hata kwa sekunde chache huweza kupasua mishipa ya ubongo. Uchovu ukizidi, mlaze kitandani chali, toka nje, vuta pumzi, kisha rudi.

Kuna jambo jingine ambalo huku kwetu halitajwi, nalo ni huzuni. John Cox, tabibu wa nafsi kutoka Uingereza, aliwachunguza wanawake wa Kiganda nchini Uganda katika miaka ya 1970, akaona kuwa huzuni ya uzazi iko Afrika kama iliko Ulaya; na mwaka 1987, pamoja na wenzake, akatoa kipimo cha maswali 10 kinachojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh, ambacho kinatumika duniani kote, na siku hizi kwa akina baba pia. Mwaka 2010 Paulson na Bazemore walikusanya chunguzi 43 wakakuta kwamba takriban baba mmoja katika kumi hupatwa na huzuni hiyo, na huzidi mtoto anapokuwa na miezi 3 hadi 6. Kwa mwanamume mara nyingi haiji kwa machozi. Huja kwa kuchelewa kurudi nyumbani, kwa hasira ndogondogo, kwa kukaa barazani na simu mpaka nyumba ilale. Nilikuwa hivyo na mtoto wangu wa pili, na aliyeniona ni mke wangu, ambaye mwenyewe alikuwa hajalala.

Kumpa baba mtoto hakuhitaji elimu kubwa. Baba huadhini katika sikio la kulia na kukimu katika la kushoto, na sauti ile ya kwanza isiwe ya mwisho. Azungumze naye kila siku, kwani mtoto huijua sauti. Amlaze kifuani pake, ngozi kwa ngozi, baada ya kunyonya. Amcheulishe, ambadilishe winda, amwogeshe baada ya siku ya kwanza kupita. Awe pia ndiye mlinzi wa mlango mbele ya wageni wenye mapenzi yasiyo na maarifa: wanja usiguse jicho wala kitovu, kwa kuwa aina nyingine zina risasi ndani yake, asali isiguse ulimi wake kabla ya mwaka, na maji asipewe kwa miezi 6, hata katika kaskazi kali, kwa maana maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji. Hili la maji hunishinda kuliko yote, na nimeona kuwa bibi humsikiliza mkwewe wa kiume pale ambapo hamsikilizi binti yake. Kisha kuna hati ya kuzaliwa, ambayo inafaa aishughulikie kabla ya miezi 6 kupita.

Wiki iliyopita, katika zahanati ninamofanya kazi, waliingia mume na mke kwa chanjo ya wiki ya sita, siku mbili baada ya arubaini. Mama alikwenda kuonwa yeye kwa upande wake. Baba akabaki na mtoto mapajani, leso iliyokwisha kupauka begani mwake. Muuguzi akauliza mtoto ananyonya mara ngapi, analowesha winda ngapi, analia saa ngapi zaidi. Nikamwona muuguzi akitazama mlango ambao mama ametokea, kama tulivyozoea. Lakini baba alikwisha kuanza kujibu, mara tisa jana, winda saba, kilio huanza baada ya isha. Na huku akijibu alikuwa ameushika mguu wa mwanawe kwa kiganja kizima, tayari kwa sindano.