Watatu Wasiosaza Mtu

Mwandishi wa televisheni anawafuata wawindaji, maikrofoni mkononi, uso mkavu. Ana swali moja: mwindaji mzuri na mwindaji mbaya wanatofautianaje? Mbaya, wanamweleza, akiona kitu anafyatua. Na mzuri? Naye akiona kitu anafyatua, lakini huyo, bwana, ni mwindaji mzuri! Zaidi ya hapo hawana la kuongeza. Ndege wanayemsaka, galinette cendrée, ni wa kubuni.

Kichekesho hicho ni cha Les Inconnus wa Ufaransa, yaani "Wasiojulikana". Ni Didier Bourdon, Bernard Campan na Pascal Légitimus, walioanza kujitokeza miaka ya 1980 kwenye kipindi cha Le Petit Théâtre de Bouvard. Légitimus alizaliwa katika ukoo wa waigizaji: bibi yake, Darling Légitimus wa Martinique, alitwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 1983.

Mwaka 1990 wakapata kipindi chao, La Télé des Inconnus, kwenye Antenne 2. Waliigiza televisheni kwa mavazi na sauti zake zenyewe, hata ukachelewa kung'amua kwamba unataniwa. Stade 2, kipindi cha michezo cha stesheni hiyohiyo iliyowarusha hewani, nacho hakikusalimika.

Kisha wakaingia kwenye rap. Wakati vijana wa vitongoji maskini wakighani dhiki zao, watatu hawa walitoa "Auteuil, Neuilly, Passy" mwaka 1991. Humo watoto wa matajiri, nadhifu kutoka mitaa ya kifahari ya Paris na jirani zake, wanalia kwa hasira kwamba nao wanateseka. Wimbo wa mzaha ukapanda chati za muziki halisi.

Si kila walichofanya kimezeeka vizuri; baadhi ya lafudhi walizoigiza leo zinakwaruza masikio.

Filamu yao ya Les Trois Frères, 1995, kuhusu ndugu watatu wanaokutanishwa na urithi wa mama wasiyemjua, iliuza tiketi zaidi ya milioni 6 na kupata tuzo ya César ya filamu bora ya kwanza. Ukafuata mvutano wa kimkataba na mtayarishaji wao, na filamu ya 1997, Le Pari, ikaongozwa na Bourdon na Campan peke yao. Mwaka 2014 wote watatu wakarudi na Les Trois Frères, le retour. Wakosoaji waliiponda, watazamaji walijipanga foleni.